Kioo Hakina Nundu

El Kef, 4 Novemba 2018

Mdogo wangu Munji,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Rafiqa na huo mji wenu unaonuka mafuta ya zeituni hata kwenye karatasi. Huku mlimani baridi imeingia mapema. Mabruka, jirani yangu wa chini, ameshatoa mablanketi yote sandukuni, na kila asubuhi anapanda ngazi kuniuliza kama bado niko hai. Namjibu kwamba nitamjulisha kukiwa na mabadiliko. Paa la nyumba ya mama linavuja palepale lilipovuja tulipokuwa watoto. Fundi ni yuleyule na uongo wake ni uleule.

Sasa tuje kwako. Barua yako ya Oktoba nimeipata, na kabla ya yote nikuulize: sindano yako ya kutobolea imekufa? Nukta zako ni hafifu mno. Nimesahihisha vitabu vya nukta nundu miaka ishirini na saba pale Tunis, kwa kidole hiki kimoja, na nukta iliyokosewa kwenye ukurasa wa mia tatu haikunipita. Barua yako nimeisoma kama mtu anayetafuta kokoto kwenye kuskusi. Umezaliwa kipofu kama mimi, umesoma shule niliyosoma mimi, na mwalimu aliyenichapa mimi alikuchapa na wewe kwa fimbo ileile. Basi kandamiza mkono. Andika kama mwanamume.

Nilichoambulia ni kwamba chama chenu cha wasioona kinaanzisha darasa la simujanja, na wewe mwenyekiti hulali. Hongera. Wenye macho hawana starehe kubwa kuliko kumsomea kipofu. Wanasoma wanachotaka, wanaruka wasichotaka, halafu wanakaa wangoje kuambiwa ahsante. Sisi tulijifunza kusoma wenyewe ili tusiwape hiyo ahsante. Leo wamemtia msomaji wao ndani ya kiboksi, na nyinyi mnapanga foleni kumpokea.

Nisalimie Lazhar. Katika darasa letu la zamani ni yeye peke yake aliyetoka na akili, na sijui anafanya nini katika chama hicho.

Dada yako,
Shadliya


Sfax, 25 Novemba 2018

Dada Shadliya,

Nakuamkia kwa heshima zote, zile unazostahili na zile unazozidai. Rafiqa anakusalimu. Tumo katikati ya mavuno ya zeituni, mji mzima mikono inateleza, na amekwisha kukuwekea dumu moja la mafuta ya kwanza. Mimi tangu wanistaafishe kwenye chumba cha simu pale kiwandani sina kazi ila hiki chama, ndiyo maana nakifanyia kazi kama punda.

Kuhusu nukta: sindano ni ileile, karatasi ni ileile, mkono ni uleule. Lazhar anasoma maandishi yangu bila kulalamika. Labda huko mlimani karatasi zinapata baridi.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana umelidharau kabla hujalijua, na hiyo ndiyo kawaida yako. Wanachama tuko arobaini na mmoja, darasa ni moja, mwalimu ni mmoja. Huwezi kuwafundisha watu wanaopapasa vitu viwili tofauti. Kwenye aifoni unazungusha vidole viwili juu ya kioo kama unafungua kizibo, na simu inakuuliza unataka isome neno au herufi. Mwenye androidi ukimwambia hivyo atabaki anafungua kizibo ambacho kwake hakipo. Lazima tuchague moja, na hapo ndipo vita vilipo.

Mimi ni mtu wa aifoni. Unaitoa kwenye kiboksi, unabonyeza kitufe mara tatu, inaanza kusema nawe, na hakuna mwenye macho aliyeishika. Anayenipinga ni Tijani mkandaji. Ana mikono kama koleo na maoni ya ukubwa huohuo. Anasema wenye aifoni ni watu walionunua mlango wa dhahabu kwenye nyumba ambayo hawaruhusiwi kusogeza hata kitanda. Nikamwambia nyumba yake yeye haina mlango kabisa, kila mpita njia anaingia akavua viatu. Anadai androidi ni simu ya kila mtu. Nikamwambia cha kila mtu ndicho kinachosahauliwa kwenye kiti cha basi. Watu wamecheka, lakini naona wanamwelekea, kwa sababu watu wa Sfax wakisikia neno "rahisi" masikio yao husimama.

Naomba uandike maoni yako yasomwe mkutanoni. Wazee wa chama wanakuheshimu kutokana na vile vitabu. Na usiniambie simu ni upuuzi. Unaidharau simu kwa sababu hakuna anayekupigia.

Munji


El Kef, 6 Januari 2019

Munji,

Salamu kwako na kwa Rafiqa, na ahsante kwake kwa mafuta. Yamefika mazima, jambo la ajabu kwa kitu kilichopita kwenye mikono ya madereva watatu. Theluji imeanguka siku mbili. Mabruka amenipikia kuskusi ya tende na nyama, akaniambia nikonde kidogo, kisha akaniongeza sahani ya pili.

Nimechelewa kujibu. Ni baridi.

Ili usiseme nahukumu nisichokijua, nilimwomba Mabruka anipeleke kwenye duka la simu karibu na soko. Muuzaji alimuuliza Mabruka bibi anapenda rangi gani. Nikamjibu mimi: bibi anapenda ile aliyoizoea tangu azaliwe. Hakuelewa. Akampa Mabruka aifoni ili anipe mimi, kama vile mikono yangu nayo haioni. Baadaye akampa androidi.

Mabruka alikuwa na ujumbe wa binti yake, tukaujaribu kwenye zote mbili. Unajua vijana wetu wanavyoandika siku hizi, Kiarabu chetu kwa herufi za Kifaransa, na ile sauti ya koo isiyo na herufi wanaitilia tarakimu. Binti aliandika salamu ya kawaida na kwamba anakuja kunywa kahawa. Mashine ya kwanza ikasoma, kwa sauti ya mwanamke wa Paris aliyebanwa na viatu: "Tatu-aslema mama, nakuja kunywa tisa-ahwa." Mashine ya pili ikasema yaleyale. Tukazipa Kiarabu kilichonyooka, kwamba shangazi yuko hamamu anaoga. Kwa kuwa hakuna alama za irabu, na njiwa huandikwa kwa herufi zilezile za hamamu, zote mbili zikasema shangazi yuko kwenye njiwa. Tofauti niliyoiona ni kwamba moja ilikosea haraka na nyingine ilikosea kwa adabu. Na kwa hili watu wazima wa Sfax wanataka kuvunjiana undugu.

Kipofu aliyesoma kwa kidole anajua irabu ilipo. Anaweza kurudi nyuma, akasimama juu ya neno, akalikatalia. Hicho kiboksi chako kinapita kama treni na wewe umesimama kituoni unapunga mkono.

Sentensi yako ya mwisho nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, maana kusahihisha ndiyo kazi yangu. Haina kosa la tahajia.

Na nukta zako ziko vilevile. Sirudii tena.

Shadliya


Sfax, 3 Februari 2019

Dada yangu,

Nakuandikia kwa sindano mpya na karatasi nene inayotumika kwa maboksi ya keki. Rafiqa anasema nikipiga nukta meza nzima inalia. Nataka barua hii uisome vizuri.

Lazhar amefariki. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tarehe ishirini na nane. Alikuwa kitandani anamsimulia mkewe Saida kisa cha siku ile tulipotoroka shule, sisi vipofu watatu tumeshikana mabega, tukaenda kuogelea baharini na kutoka upande ambao si wetu, katikati ya arusi ya watu. Saida alikuwa anakijua kisa chote, hivyo akawa anakunja nguo. Kilipofika pale pa arusi kikanyamaza. Alidhani amesinzia.

Tulimzika siku ileile alasiri. Nilishuka kaburini kumpokea pamoja na Tijani, sikuwa na mtu mwingine mwenye nguvu. Tulipokuwa tunamlaza, aifoni yangu ikasema mfukoni kwa sauti kubwa kwamba betri imebaki asilimia kumi. Imamu akakatiza dua. Sijawahi kuona aibu kama ile. Tijani akaniinamia sikioni akasema, polepole, kwamba Lazhar angecheka. Ni kweli angecheka. Nikalia palepale, ndani ya shimo, nimeshikwa bega na mtu ambaye wiki nzima nilikuwa namwita muuza mitumba.

Tafadhali mwandikie Saida. Anasoma nukta polepole lakini anasoma.

Na ile sentensi niliyokuandikia Novemba, naifuta. Nilijua itauma ndiyo maana niliiandika. Sikupigii kwa sababu ukipokea unasema "andika" na kukata, lakini hilo si jibu la mtu mzima. Nisamehe, dada.

Munji


El Kef, 10 Machi 2019

Mdogo wangu,

Sasa ndiyo umeandika. Nukta zako zimesimama kama askari kwenye gwaride, kila mstari raha tupu. Habari zako zote zimenifurahisha sana. Nimecheka peke yangu mpaka Mabruka akapanda kuuliza kuna nini.

Huku mlozi umechanua, nasikia harufu yake kutoka dirishani. Paa limezibwa, yaani litavuja mahali pengine.

Maoni uliyoyataka haya hapa, uwasomee. Waambie Shadliya anasema wachague yoyote, kwa sababu mtu anayegombania kati ya wasomaji wawili ameshakubali kusomewa. Waambie siku simu ikifa mfukoni mtakuwa vipofu mara ya pili, na safari hii kwa hiari yenu. Tijani mwambie mlango wa dhahabu na nyumba isiyo na mlango vyote ni vya mwenye nyumba, na mwenye nyumba si yeye.

Msalimie Lazhar sana. Mwambie asishike upande wowote katika ujinga huo, na Saida anitumie ile pilipili yake ya kusaga kama mwaka jana.

Dada yako,
Shadliya


Sfax, 22 Machi 2019

(kwa wino)

Dada Shadliya,

Barua hii inaandikwa na Rafiqa, mimi namtamkia, na atakayekusomea ni Mabruka. Mabruka, dada yetu, salamu nyingi kwako na kwa wanao. Msomee yote. Akikuambia basi, usiache.

Dada, Lazhar alikufa Januari. Nilikuandikia kurasa tatu. Wewe umenijibu kwamba umefurahi, ukanituma nimsalimie.

Barua yako nilikaa nayo kutwa nzima. Kwanza nikasema umekasirika, unanifanyia mzaha mbaya. Halafu nikaipitisha kidole tena polepole, nikakuta makosa. Herufi zimerudiwa, mstari umeandikwa juu ya mstari. Wewe, ambaye ulimrudishia mwandishi kitabu kizima kwa ajili ya nukta moja! Hapo nikajua ulikuwa unaandika bila kuweza kurudia ulichoandika. Nilikupigia simu ya mezani mara tatu. Ulisema "andika" ukakata. Basi Rafiqa akampigia Mabruka, na Mabruka akalia, kisha akasema.

Amesema kisukari unacho miaka minne. Amesema tangu kiangazi vidole vyako vimekufa ganzi, vya mkono wa kulia na sasa vya kushoto. Amesema mwezi Desemba ulikuwa unapika mkate kwenye kikaango cha udongo, yeye akasikia kutoka chini harufu ya nyama inayoungua, na siku hiyo hamkuwa na nyama. Alipofika juu ulikuwa bado umeweka mkono palepale, unausubiri mkate uive.

Miezi mitano ukaniambia sindano yangu ni butu. Nikanunua sindano, nikanunua karatasi. Ungeniambia.

Nakutumia aifoni yangu, si mpya, ni yangu ninayoitumia. Nimeweka sauti ya Kiarabu, nimefunga kila kitu usichohitaji. Mabruka akuoneshe kitufe cha pembeni. Nikikuandikia ujumbe itakusomea. Usiirudishe.

Munji


El Kef, 8 Aprili 2019

Munji,

Hii ni kwa nukta, na kama ina makosa yahesabu mwenyewe, wewe ndiye msahihishaji sasa.

Umepanga aibu yangu ikasomwa jikoni kwangu kwa sauti ya Mabruka. Alisoma akilia, akachanganya mistari, akarudi nyuma, akaniuliza kama anaweza kuruka ile ya mkate. Nikamwambia asome, maana wewe uliamuru. Supu ikaungua. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Lazhar amekufa, miezi miwili baada ya watu wote, katikati ya moshi, kwa mdomo wa mwanamke ambaye hakumjua. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo ila mimi, ndiyo maana nina hasira nawe.

Ndiyo. Ilianza Julai. Kwanza nilidhani ni karatasi za siku hizi. Nikabadilisha kidole, nikahamia cha pete, halafu mkono wa kushoto. Barua yako ya Novemba niliisoma kwa mdomo wa chini, Munji. Nilifunga mlango nikaipitisha mdomoni mstari kwa mstari, siku nne. Kwa hiyo ile sentensi ya mwisho niliisoma kwa mdomo. Ya Februari nayo nilijaribu hivyohivyo, lakini pumzi inalowanisha karatasi na nukta zinalala. Ilipolala yote nikaiweka kwenye droo. Nikakuandikia kwamba umeandika vizuri, kwa kuwa nilipoikwangua kwa ukucha nilisikia ni nene.

Daktari wa hapa ni kijana mpole na hafichi. Anasema vidole havirudi. Miguu ndiyo tuilinde sasa. Ameninyima tende, na mimi nimemnyima salamu.

Simu yako nairudisha. Usinune. Nimejaribu wiki mbili. Kioo hakina nundu. Hakina mwanzo wala mwisho, hakina pembe ya herufi, ni kama kupapasa ukuta wa nyumba ambayo hakuna aliyezaliwa humo. Mtu mwenye vidole hai anajua amegusa mara ngapi. Mimi nadhani nimegusa mara moja kumbe mara tatu, nadhani nimeinua kumbe bado nimelaza. Jumatano ilimpigia simu binamu yetu wa Ghardimaou ambaye hatujasemezana tangu urithi. Akafurahi sana. Sasa anataka kuja. Hilo nalo liko juu yako.

Usinitumie kingine. Miaka ishirini na saba nilikuwa nawaambia wenzangu kipofu asiyesoma ana giza mara mbili. Sasa niache nikae na maneno yangu.

Shadliya


Sfax, 14 Mei 2019

(kwa wino)

Dada yangu, na Mabruka unayesoma,

Ramadhani njema. Rafiqa ndiye anayeandika, na kabla sijasema chochote amesema niandike kwamba kama hutamfuata daktari kuhusu kula mchana, atakuja yeye mwenyewe kukulisha kwa kijiko.

Sitakujibu juu ya hasira. Nakuambia nilichofanya.

Aifoni iliporudi nilikaa nayo mapajani. Miezi sita nimewaambia watu arobaini kwamba hakuna kipofu ambaye simu hii haimfai. Nikaenda kwa Tijani. Hujui kwangu ilikuwaje kupanda zile ngazi. Alikuwa anamkanda mtu, akaniweka nisubiri, na alipomaliza nikamwambia nahitaji simu kwa mtu asiyehisi vidole. Nilimngoja acheke. Hakucheka. Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akasema kitabu chake cha kwanza maishani, cha viungo vya mwili, kile alichosomea ukandaji, kilikuwa na jina lako ukurasa wa mwisho: msahihishaji, Shadliya. Akasema alikuwa akidhani ni jina la mashine, kwa sababu hakikuwa na kosa hata moja.

Kuna androidi, akasema, zinazotengenezwa na vitufe vya kweli, vikubwa, vinavyozama na kupanda. Androidi kwa kuwa iko wazi, kila mtu anaweza kuijengea umbo lake. Alisema hivyo bila kunichoma, na hapo ndipo iliponichoma. Ameipata kwa rafiki yake wa Tunis. Na hataki kuituma. Anasema simu haijielezi. Atakuja El Kef mwenyewe na fimbo yake, teksi kwa teksi, baada ya Idi, akae siku tatu kwa mpwa wake aliyeko huko. Usimfungie mlango.

Mkutano tulifanya Jumamosi. Tulipiga kura kwa mikono, jambo la kijinga kwa vipofu, Rafiqa ndiye aliyehesabu. Kabla ya kura nilisimama nikasema kwamba nilikuwa nachagua simu itakayonipendeza mimi, na nikaita hilo haki ya wanachama. Androidi imeshinda ishirini na nane kwa kumi na mbili. Mimi ni mmoja wa wale kumi na mbili. Ukweli ni ukweli, bado naiona ile yao ni mkweche. Lakini darasa nitalifungua mimi na nitakaa dawati la mbele.

Munji


El Kef, 12 Juni 2019

Mdogo wangu Munji,

Salamu za Idi zimechelewa, zipokee hivyo hivyo. Nasikia mmekula samaki wenu wa chumvi mpaka nyumba nzima ikanuka. Mimi nimekula supu ya shayiri bila chumvi, chini ya ulinzi wa Mabruka, ambaye sasa ameungana na daktari.

Tijani amekuja na ameondoka. Umesema ana mikono kama koleo, hukusema ana mdomo kama redio. Siku ya kwanza aliongea saa tatu kuhusu mfumo ulio wazi na mfumo uliofungwa. Nilimwacha amalize, nikamwambia mimi nilizaliwa kwenye mfumo uliofungwa, anioneshe kitufe. Akanionesha. Siku ya pili alinikanda miguu bila kuombwa, akasema damu inapita vibaya kisigino cha kushoto, nimwambie daktari. Daktari amesema kweli. Kwa hiyo mtu huyo ana faida moja, na si ile anayodhani.

Hukumu yangu, kama chama bado kinaitaka, ni hii. Vitufe nasikia. Si kwa ncha ya kidole. Kinapozama nakisikia kwenye kifundo, ndani ya mfupa, na kinapopanda najua kimepanda. Namba nane inapiga simu kwako, namba tano inasoma ujumbe, na hiyo tano nimeibonyeza leo mara kumi na moja bila kumpigia binamu wa Ghardimaou. Sauti yake bado ni ya mpumbavu, bado inawapeleka watu kwenye njiwa. Sikuchagua kati ya aifoni yako na androidi ya Tijani, usimruhusu aseme hivyo mjini. Vidole vyangu vilivyokufa ndivyo vilivyochagua, na mimi nimevifuata kama mtu anayefuata jeneza.

Nimempigia Saida. Nilimwambia ilikuwaje nikachelewa, yote, na ya droo. Akanisimulia kile kisa cha arusi kutoka pale Lazhar alipoachia. Umekuwa ukikisimulia vibaya. Ni wewe uliyekula keki.

Sasa sikiliza. Pamoja na hii kuna kifurushi. Ndani yake ni barua zako tatu ambazo sikuzisoma, mbili za kiangazi na ile nene ya Februari. Nimezinyoosha kwa chuma cha pasi kilichopoa, nukta nyingine zitakuwa zimelala, lakini wewe ndiye uliyeziandika, utakumbuka. Nataka uzisome kwa sauti kwenye simu, moja kila usiku baada ya isha, nikiwa nimekaa. Usinifupishie. Usiniulize kama uendelee.

Na usianze kunitumia ule ujumbe wenu wa kusomwa na mashine isipokuwa kwa jambo la haraka. Endelea kuniandikia kwa nukta, kwa sindano yako, kurasa nzima. Zikifika nitazishika, nitazirudisha Sfax, nawe utanisomea. Najua ni barua kusafiri mara mbili kwa mtu mmoja, na Tijani akisikia atasema tumerukwa na akili. Mwambie tumekubali. Mtu akiandika huwa na ujasiri ambao akiongea hana, na wewe zaidi ya wote. Nimechoka kuupokea ujasiri wako kwa posta.

Ulichothubutu kukiandika, thubutu kukisema.

Dada yako,
Shadliya